Kiwavi kaenda wapi? Kufundisha mizunguko ya maisha ya wanyama kwa kazi za mikono

Swali. Nafundisha darasa la awali, watoto 24 wa miaka minne hadi sita. Tumemaliza mzunguko wa maisha wa kipepeo kwa sahani za karatasi: mchele ulikuwa mayai, makaroni ya aina tatu yakawa kiwavi, pupa na kipepeo, na mishale katikati. Kazi zilipendeza sana. Lakini nilipouliza kiwavi kaenda wapi, mmoja alisema kafa, mwingine akasema kipepeo kamla. Muhula ujao nina chura na kuku. Nibadilishe nini?

Jibu. Mwalimu, watoto wako wameisoma sahani vizuri tu. Juu yake kuna vitu vinne vilivyogandishwa mbalimbali, wala hakuna mahali ambapo kimoja kinageuka kuwa kingine. Mtoto wa miaka mitano akikuta pengo kama hilo hulijaza kwa anachokijua: kilichokuwapo jana na leo hakipo, basi kimekufa au kimeliwa. Mishale haimsaidii, maana mshale ni alama ya watu wazima; yeye huuona kama njia ya kupita.

Kwa hiyo kila kazi ya somo hili ipime kwa swali moja kabla hujafungua gundi: badiliko lenyewe linatokea mikononi mwa mtoto, au analikuta limeshatokea? Makaroni hayageuki. Unga uliokandwa, soksi na uzi hugeuka. Tuanze na chura, kwa kuwa ndiye anayekuja, na kwa kuwa hakuna mnyama anayefinyangika vizuri kama yeye.

Chura kwa bonge moja

Changanya vikombe 2 vya unga wa ngano na kikombe 1 cha chumvi laini, kisha tia robo tatu ya kikombe cha maji kidogo kidogo huku ukikanda, mpaka bonge liache kunata mkononi. Kwa kikombe cha mililita 250 utapata karibu gramu 750, zinazotosha watoto 12. Kwa darasa lako kanda mara mbili, mafungu mawili mbalimbali. Ukikanda yote pamoja utabaki na mabaka ya unga mkavu katikati. Bonge likikaa usiku kucha kwenye mfuko litaonekana limelowa. Ni chumvi inayovuta unyevu. Ongeza kijiko cha unga ukande upya.

Sehemu moja ya sita ya bonge iache nyeupe. Iliyobaki itie rangi ya kijani ya chakula. Kila mtoto apate gramu 10 za nyeupe, yaani kadonge ka ukubwa wa zabibu kubwa, na gramu 50 za kijani awekewe pembeni kwenye kipande cha karatasi. Kadonge ndiyo yai. Kijani ni chakula, na sheria ya mchezo ni moja: mnyama haongezewi kitu ila anapokula.

Yai likianguliwa, mtoto anabana upande mmoja wa kadonge na kuuvuta uwe mkia. Hapo amepata kiluwiluwi, hana mguu hata mmoja, anapumua kwa matamvua. Sasa ale. Mtoto anamega kijani punje kwa punje, anakikandia mwilini, na kiluwiluwi ananenepa mpaka chakula kiishe. Usiharakishe hatua hii, kwa sababu viluwiluwi hutumia karibu maisha yao yote ya majini wakila.

Chakula kikiisha, kuongeza kumekwisha. Miguu itoke wapi? Wape muda wafikiri. Wengine wataomba unga zaidi, kataa. Miguu inavutwa kutoka kwenye mwili uleule: kwanza miwili ya nyuma, kisha ya mbele. Mpangilio huo ndio wa kweli, na picha nyingi za kupaka rangi huukosea kwa kuchomoza minne kwa mpigo. Mwisho, mkia. Haukatwi. Mkia wa kiluwiluwi haudondoki. Mwili huunyonya, na katika siku hizo mnyama huacha kula kwa kuwa mdomo wake nao unajengwa upya, akiishi kwa akiba iliyomo mkiani. Mtoto ausukume ndani kwa kidole gumba, kidogo kidogo, mpaka upotelee mwilini. Ukimwuliza baadaye mkia ulikwenda wapi, kidole chake kitakujibu kabla ya mdomo.

Miguu hukatika ikivutwa myembamba kuliko penseli, au unga ukiwa umekauka juu. Dawa yake ni kulowesha vidole. Kama mnataka kumhifadhi chura, mwambie mtoto abonyeze shimo tumboni kwa chini ili pasiwe na unene unaozidi sentimeta 1. Bonge nene hukauka nje kwanza, ndani bado bichi, likapasuka. Kwenye oveni weka nyuzi 100 kwa saa mbili hadi tatu; kwa hewa tu ni siku nne au tano, ukigeuza kila siku. Msimu wa mvua hulainika tena wasipopakwa vanishi. Na wasiachwe mbwa anapofikia, chumvi hiyo inaweza kumdhuru vibaya.

Wazazi watauliza mbona kimerudi nyumbani kitu kimoja badala ya hatua zote. Kila mtoto awe na mkanda wa manila wa sentimeta 60 kwa 10. Baada ya kila badiliko anasimama, anachora alichoshika. Wiki ya mwisho mnaunganisha ncha mbili za mkanda kwa gundi, chura mzima akigusana na mayai. Mduara aliouunganisha mwenyewe humweleza neno “mzunguko” vizuri kuliko mishale minne.

Mayai yenyewe yanastahili dakika zake. Tia kijiko kimoja cha chakula cha mbegu za mrehani kwenye mililita 250 za maji, ukikoroga huku unanyunyiza. Ndani ya robo saa kila mbegu huvaa ute mnono unaong'aa, na doa jeusi katikati, kama ulivyo utando wa mayai ya chura. Mbegu za chia nazo hufaa, ila ute wake ni mwembamba zaidi na husubiri nusu saa. Ukizimwaga zote kwa mkupuo zitashikana kuwa donge lisilofumuka. Watoto watumbukize mikono, waone jinsi ute unavyoteleza na kuzuia kidole kisifike kwenye doa; ndiyo kazi yake hata bwawani. Ikifika siku ya pili mwaga, maana huanza kunuka.

Neno la tahadhari: kwa Kiswahili “kiluwiluwi” ni mtoto wa chura na pia ni mtoto wa mbu. Kuna watoto wanaosikia neno hilo nyumbani pale tu maji machafu yanapomwagwa, na watakuuliza kwa nini unafuga mbu. Sema mapema kwamba ni wawili tofauti, na waonyeshe picha zao bega kwa bega: mmoja atapata miguu, mwingine atakuwa pupa kisha aruke.

Kurudi kwa kipepeo

Kipepeo usimwache alipo. Kwake badiliko ni gumu zaidi kwa sababu hutokea ndani, pasipoonekana, na kazi yenu ni kulifungua. Hapa soksi ndefu ya mtu mzima inatosha, moja kwa kila watoto wanne. Igeuze ndani nje. Katikati yake shona mbawa mbili za kitambaa chepesi, kila moja sentimeta 9 kwa 7, upande mmoja tu wa mshono ndio ushikwe. Irudishe kama ilivyokuwa, na kwa nje chora macho na mistari ya kiwavi. Mtoto anaivaa mkononi, kiwavi anatambaa na kula majani ya karatasi. Akishiba, soksi inavuliwa na kugeuzwa nusu tu, ikabaki furushi: hiyo ni pupa. Iachwe hivyo kwenye dirisha. Ikimaliziwa kugeuzwa, mbawa zinatoka.

Kitambaa kigumu hukwama ndani ya soksi, kwa hiyo manila haifai. Soksi nayo ina uongo wake mdogo. Ni kweli kwamba chembechembe za mbawa huwamo ndani ya kiwavi tangu mapema, lakini kipepeo hajakaa humo tayari kama zawadi kwenye boksi. Ndani ya pupa sehemu kubwa ya misuli ya kiwavi huyeyushwa, ikatumika kujenga mwili mpya. Kwa wa miaka sita sema hivyo hivyo. Wa miaka minne waambie: “Anajijenga upya, kwa vile vile alivyokula.” Wakicheka jina, wacha wacheke. Kwa Kiswahili ni jina la ajabu kwa mnyama huyu: pupa asiye na pupa hata kidogo, ananing'inia siku kumi hajatikisika.

Jambo ambalo sahani haikuweza kabisa kulionyesha ni kiwavi kujivua ngozi. Ngozi ya mdudu haitanuki kama yetu, kwa hiyo kiwavi wa kipepeo huipasua na kutoka na mpya, mara nne au tano kabla ya kuwa pupa. Chukua karatasi nyepesi, kunja mrija wa upana wa sentimeta 4 na urefu wa 12, ufunge kwa gundi ya unga, kisha ingiza puto ndani na upulize polepole. Karatasi itajaa, itakaza, itapasuka kwa sauti, na puto litabaki zima. Puto alipulize mtu mzima, vipande vikiokotwa papo hapo, kwani mtoto mdogo anaweza kupaliwa navyo. Karatasi nene haipasuki, hupasuka puto, na hapo somo limegeuka.

Na mchele? Punje ya mchele ni ndefu mara kadhaa kuliko yai la kipepeo, ambalo kwa spishi nyingi ni karibu milimita 1. Punje ya ulezi ndiyo inayokaribia. Igandisheni moja tu, kwenye kipande cha jani halisi, si kwenye sahani tupu. Maria Sibylla Merian, mchoraji aliyesafiri hadi Suriname mwaka 1699 kuchunguza wadudu, alikuwa na desturi ya kuweka hatua zote za mdudu kwenye picha moja pamoja na mmea anaoula. Hakuna sababu ya mtoto wako kufanya pungufu ya hapo. Bila mmea, mtoto hajui kwa nini yai liliwekwa pale lilipowekwa.

Ukitaka kiwavi hai

Mchukue pamoja na mmea uliomkuta akiula, na umlishe huohuo tu. Viwavi wengi hawali jani jingine hata wakifa njaa, na kuwapa “majani yoyote laini” ndiyo njia ya haraka ya kuwaua. Epuka wenye manyoya na miiba, huwasha. Usichukue mmea ulionyunyiziwa dawa.

Chombo cha lita 5, mdomo ukifunikwa kwa kipande cha chandarua kisichotiwa dawa, kinabeba viwavi watatu, wasizidi. Kitawi kisimame kwenye chupa ndogo ya maji, na shingo ya chupa izibwe kwa pamba; ikiachwa wazi watashuka na kuzama. Chini tandika karatasi, ubadilishe kila siku pamoja na majani, kwa sababu kinyesi kikilowa huota ukungu na ukungu huleta magonjwa. Weka kijiti kirefu cha kujining'inizia, na nafasi chini yake isiyopungua mara mbili ya upana wa kipepeo. Kipepeo hutoka na mbawa zilizosinyaa, huzijaza maji ya mwili, kisha huhitaji kuning'inia saa mbili au zaidi zikauke. Akianguka wakati huo hubaki kilema.

Yapo mambo mawili yatakayozua taharuki. Kiwavi akiacha kula na kukaa kimya siku nzima, usimguse. Mara nyingi anajiandaa kujivua ngozi. Lakini kukitokea vifukofuko vidogo vyeupe juu ya mwili wake, ameshawekewa mayai na nyigu mdogo, naye hatapona. Usifiche. Huo nao ni mzunguko wa maisha, wa nyigu. La pili ni matone mekundu au ya kahawia anayoyamwaga kipepeo akitoka. Watoto watapiga kelele kwamba ni damu. Ni uchafu uliolimbikizwa wakati wa pupa, na ukiwaeleza siku moja kabla, watausubiri kwa hamu.

Viluwiluwi hai ni kazi zaidi na faida haizidi sana, hasa baada ya bonge la unga. Mkitaka, wachache tu, kwa ruhusa kama sheria za mahali penu zinalinda vyura, na warudishwe kwenye maji yaleyale mlikowatoa ili msisambaze magonjwa.

Kuku, na kosa la kiini

Karibu kila mtoto, na watu wazima si haba, huamini kifaranga ni kile kiini cha njano kilichoota manyoya. Sivyo. Kifaranga huanza kama doa dogo jeupe juu ya kiini, na kiini ni chakula chake. Vunja yai kwenye sahani nyeupe, geuza kiini taratibu kwa kijiko mpaka doa lionekane, kila mtoto apite aangalie. Waambie pia kwamba mayai ya dukani kwa kawaida hutagwa na kuku wasiopandwa na jogoo, hivyo hayawezi kuanguliwa. Usipolisema, kuna mtoto atakayekataa chakula chake cha asubuhi.

Sasa uzi. Kata uzi mzito wa njano wa kufumia, mita 4 na sentimeta 20, uwekee alama ya kalamu kila sentimeta 20. Utapata vipande 21, sawa na siku 21 za kuatamia. Uviringishe uwe kiini, na ncha yake ya ndani usiitumie. Ncha ya nje ifunge kwenye kipande cha pamba cha ukubwa wa harage. Pamba hiyo ni kiinitete. Vyote viwili vikae ndani ya yai la manila lenye pande mbili, lililounganishwa juu kwa uzi ili lifunguke. Kila siku mtoto anafungua yai, anakunjua sentimeta 20 kutoka kwenye kiini na kuziviringa kwenye pamba. Kiini kinapungua, kifaranga anakua, na uzi ni uleule. Hesabu ya siku imejificha humo ndani bila wewe kuifundisha.

Ukishaviringa kipande cha siku ya 19, acha. Vipande viwili vya mwisho vya kiini havifungwi juu; vinasokomezwa tumboni mwa kifaranga, kwa sababu kabla ya kuanguliwa kiini kilichobaki huvutwa ndani ya tumbo na kumlisha siku zake za mwanzo. Siku ya 21 bandika mdomo wa karatasi na juu yake nukta nyeupe: ndilo jino la yai, la kutobolea ganda, ambalo huanguka siku chache baadaye. Uzi mwembamba hautatoa kifaranga, utatoa kinundu. Ukiwa huna mzito, tumia nyuzi mbili pamoja. Wa miaka minne huvuta kiini kizima kikafumka, kwa hiyo kwao kiini kizungushiwe kwenye kipande cha manila badala ya kuachwa donge.

Mashine ya kutotolesha darasani inawezekana, kwa nyuzi 37.5 na mayai kugeuzwa angalau mara tatu kila siku hadi siku ya 18. Usiiwashe kabla hujajua vifaranga vitaishi wapi, pamoja na majogoo, ambao watakuwa karibu nusu.

Ukuta wa siku

Sahani iliyogawanywa robo nne inasema yai, kiwavi, pupa na kipepeo huchukua muda sawa. Badala yake bandika ukutani mikanda mitatu ya karatasi, kila sentimeta ikiwa siku moja. Kipepeo wa kawaida mahali pa joto: yai 4, kiwavi 14, pupa 10, kipepeo 14 hivi. Kuku: 21 za yai, kisha takribani 140 mpaka tetea wa aina inayowahi aanze kutaga. Chura: kama 10 za yai, 80 za kiluwiluwi, halafu mkanda unaendelea, unakata kona, unapita mlangoni, kwa kuwa vyura wengi huchukua mwaka au zaidi ndipo watage. Siku hizi hubadilika kwa spishi na joto, na watoto waambiwe hivyo. Ila mkanda wa chura ukishapita mlango, hutaulizwa tena kwa nini yule chura mdogo “bado si mkubwa”.

Hapohapo mtaje panzi, kwa mkanda mfupi wa nne. Bila yeye watoto huondoka wakidhani kila mdudu lazima apitie pupa. Panzi hana pupa: yai, tunutu, panzi, na tunutu anafanana na mzazi wake ila hana mbawa kamili. Lile puto la karatasi linamfaa bila kubadilisha kitu.

Kuhusu sahani za muhula uliopita, usizitupe. Mpe kila mtoto vipande vinne vya karatasi vya sentimeta 5 kwa 5, avibandike juu ya mishale kwa upande mmoja vifunguke kama dirisha, na ndani ya kila kimoja achore kilichotokea katikati: yai likitobolewa, kiwavi akivua ngozi ya mwisho, pupa ikipasuka, kipepeo akitaga juu ya jani. Usimsaidie. Dirisha atakaloliacha tupu ndilo mtakaloanza nalo kesho yake, na soksi iwe karibu.